Kaburi Ndani ya Uzio

Fundi alipatikana asubuhi, amenasa kwenye matete, maji yakimsukuma na kumrudisha. Jana yake alikuwa ameingia kwenye mafuriko kuiokoa pikipiki ya mteja iliyobaki kwenye kibanda chake kule bondeni. Watu waliosimama juu ya tuta walimwona maji yakimfika kifuani, kisha shingoni, kisha hawakumwona tena. Kwa hiyo habari yenyewe haikumshtua mtu. Kilichonishtua mimi ni maneno ya shemeji yake, kaka wa mkewe, alipokuja kusimama mlangoni kwetu na suruali iliyolowa mpaka mapajani.

"Mwinjilisti," alisema, "mtu wako tumempata. Njoo umchukue umzike."

Mwinjilisti ni mume wangu. Tulitoka Nyanda za Juu tukapangiwa huku upande wa Mohoro, tukapewa nyumba ya vyumba viwili kando ya kanisa letu la bati. Waumini wetu ni wachache, na karibu wote ni wakuja: walimu, muuguzi wa zahanati, wafanyabiashara wa ufuta, vibarua wa mashamba ya mpunga. Majirani zetu ni Waislamu, na tumeishi nao vizuri. Mwezi wa Ramadhani wanatuita kufuturu. Krismasi wanakuja kwetu, na baba wa nyumba ya pili ndiye anayenichinjia kuku ili wote waweze kula.

"Mtu wako." Mume wangu alinigeukia. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kwa kanuni za kanisa letu yule fundi hakuwa wetu.

Alikuwa ametoka mkoa mmoja na sisi. Alipofika mara ya kwanza aliimba besi kwenye kwaya, sauti nzito inayotingisha benchi. Kisha akampenda dada mmoja wa hapa, Mndengereko, aliyekuwa akiuza vitumbua jirani na kibanda chake cha kutengeneza pikipiki. Yeye hakusilimu na yule dada hakubatizwa. Walikwenda kufunga ndoa bomani. Baba wa yule dada alikataa kumwona binti yake mpaka yeye baba alipofariki, na kwetu baraza la wazee likamtenga fundi na meza ya Bwana. Hakuruhusiwa kwaya, hakuruhusiwa ushirika mtakatifu, na akifa katika hali hiyo bila kurejeshwa, kanisa halimziki.

"Yeye kwenu amekosa, mimi kwetu nimekosa," yule dada aliniambia siku moja akinifungia vitumbua kwenye gazeti, huku akicheka. "Basi tumelingana."

Fundi hakuacha kuja kanisani. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na siku za ushirika, meza ilipoanza kutandikwa, aliinuka mwenyewe akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya pikipiki yake, akijifuta mikono na kitambaa, mikono ambayo siku hiyo haikuwa na grisi yoyote.

Maiti ilipelekwa kwa shemeji, nyumba iliyokuwa sehemu ya juu. Ilikuwa imekaa majini, na jua lilikuwa limeanza kuchoma katikati ya mawingu. Kila mtu alielewa kwamba lazima azikwe siku ileile. Kumsafirisha kwao hakukuwezekana. Barabara ya kwenda Ikwiriri ilikuwa imekatika na hata malori yalikuwa yamelala.

Mume wangu alipanda kichuguu cha nyuma ya kanisa, mahali pekee simu inaposhika, akampigia mchungaji wetu aliyeko Kibiti. Nilisimama chini yake nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo, baba mchungaji. Hapana, hakurejeshwa. Ndiyo, wazee wapo. Lakini maiti haiwezi..." Simu ikakatika. Akapiga tena. Safari hii alisikiliza tu, kisha akashuka.

"Amesemaje?"

"Amesema kanuni iko wazi. Bila wazee kukubali, nisiguse."

Wazee wa kanisa waliokuwepo walikuwa watatu, lakini ukweli ni kwamba alikuwa mmoja. Wale wawili walikuwa wakimtazama yeye kabla ya kufungua mdomo. Alikuwa bwana misitu mstaafu. Katika miaka yake ya kazi, huko delta, watu walimletea samaki, kamba, hata mbuzi, ili afumbe macho boriti za mikoko zipite bila kibali, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mzee alipokea hata mkia wa samaki. Hata mpwa wake mwenyewe, mzee alimkamata na shehena akampeleka kituoni. Ukitaka kumweleza mgeni maana ya mwenye haki, ungemwonyesha mzee huyo akipita na baiskeli yake, shati limepigwa pasi, na mgeni angeelewa.

Walikutana kanisani, nami nikawa nafagia veranda ili niwe karibu.

"Tulimtenga kwa haki," mzee alisema. "Tulimwonya, tukamwonya tena. Alijua. Leo tukimzika kwa nyimbo na kengele, tutakuwa tumesema nini? Kwamba kutengwa kule kulikuwa mchezo?"

"Mzee wangu," mume wangu alisema, "alikuwa anakuja kila Jumapili."

"Kuja hata mbuzi anakuja, akikuta mlango wazi."

Mmoja wa wale wawili alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka.

"Mwinjilisti," mzee aliendelea, na sauti yake ikashuka, "mimi binti yangu yuko kijijini Mkongo. Unajua ameolewa na nani na ameolewaje. Siku alipotengwa, si mwinjilisti aliyesoma tangazo. Nilisoma mimi. Nilisimama pale mbele nikasoma jina la mwanangu wa kuzaa, kwa sababu sikutaka mtu aseme mzee amempendelea wake. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Sasa wewe unataka leo nimfungulie huyu mlango niliomfungia mwanangu?"

Ufagio ulisimama mkononi mwangu. Habari ya binti aliyeolewa na Mwislamu tulikuwa tukiijua, lakini hatukuwahi kumsikia akiitaja. Kikao kikaisha bila maombi.

Mume wangu alitoka akaja kukaa kwenye ngazi za nyumba. Nikamwambia jambo ambalo sikuliwaza mara mbili: asubiri. Nilisema barabara inaweza kufunguka, mchungaji anaweza kuja. Nilijua si kweli. Nilichokuwa nikikiona mbele yangu ni vyombo vyetu vimetolewa nje ya ile nyumba ya kanisa, na sisi hatuna ndugu hata mmoja katika wilaya nzima.

"Maiti isubiri barabara?" aliniuliza.

"Basi wamzike wakwe zake."

"Wamzike wapi? Makaburini kwao hawezi kulala, hakuwa Mwislamu. Shehe ameshasema, na amesema kwa upole. Ametoa vijana wachimbe. Anachouliza ni mahali tu."

Nikachukua kanga, nikaenda msibani.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka chumba cha ndani, wanawake wamemzunguka. Nilipomshika mkono aliuvuta akanikalisha karibu kabisa, mdomo wake sikioni kwangu.

"Dada, nimesikia watu wako wanasema hazikwi kwa sababu hakuwa na haki. Haki gani? Alimdhulumu nani?"

"Hakumdhulumu mtu," nilisema. "Kwetu neno hilo lina maana nyingine. Ni Mungu kumhesabu mtu kuwa ni mwenye haki, asimame mbele yake bila lawama."

"Anahesabiwa kwa mema aliyotenda?"

"Hapana. Hakuna anayetosha kwa mema yake. Ni kwa kumwamini Yesu. Anapewa."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Yalikuwa maneno yaleyale ambayo mume wangu huwafundisha watoto wa kipaimara kila mwaka, nao huyakariri mpaka hata kuku wa pale uani wangeweza kuyajibu. Sikuwahi kuyasema kwa mtu aliyekuwa akiyahitaji.

"Alimwamini," mjane alisema. "Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilimsikia akimtaja, anaongea naye kama mtu aliyeko chumbani. Sasa kama ni Mungu ndiye anayehesabu, mbona naona wanahesabu wazee?"

Bibi mmoja kando yetu alimgusa bega: "Mwache mwenzio, mwanangu, na yeye ametumwa tu." Lakini sikuwa nimetumwa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimekuja kwa sababu nilimkimbia mume wangu.

Nikiwa bado ndani nikasikia kelele nje. Vijana wa shemeji walikuwa wameondoka na majembe. Wameshachoka kungoja, mtu mmoja alisema, wanakwenda kuchimba penye makaburi ya kanisa, anayetaka kuzuia na azuie. Nilitoka mbio, ndala mkononi, tope likinifika vifundoni.

Eneo letu la makaburi liko nyuma ya kanisa, kipande kidogo tulichopewa na serikali ya kijiji. Uzio wake wa boriti aliujenga mzee kwa mikono yake baada ya kustaafu, na boriti zile alizilipia kibali kama mtu mwingine yeyote. Nilipofika alikuwa amesimama kwenye lango, mgongo kwenye mbao, mikono mitupu. Mbele yake vijana wanane au kumi. Kwenye kundi lile nilihesabu mapanga zaidi ya majembe, ingawa panga huku ni kitu cha kutembea nacho shambani. Upande wa kanisa walikuwa wametokea vijana wetu wawili watatu, mmoja kaokota fito. Wingu lilikuwa limefunika, na upepo wa mvua ulikuwa umeanza kupeperusha kanga yangu.

"Mzee, tupishe," shemeji alisema.

"Sipishi."

"Mzee, shikamoo yako nimekupa tangu nikiwa mtoto. Usinifanye leo nikose adabu. Yule kule nyumbani kwangu ameanza kuharibika. Dada yangu anasikia harufu ya mumewe. Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa. Chimbeni nje ya uzio."

"Nje ya uzio ni maji!"

Na ilikuwa kweli. Nje ya uzio pande zote mbili ardhi ilikuwa imelowa, ukikanyaga inakumeza. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma akaruka mbele akashika boriti ya lango na kuitikisa, kijana wetu mwenye fito akamsogelea, mtu akapiga kelele "wee!" na wote wakasogea kwa pamoja. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeona damu kabla haijamwagika.

Nilipofumbua, mume wangu alikuwa katikati. Hakuwa amevaa joho. Alivaa fulana ya kazi na alikuwa na jembe letu la nyumbani begani. Alilishusha chini polepole, akaliegemeza mguuni pake.

"Mzee wangu," alisema, "nina swali moja, halafu ukisema nirudi nitarudi. Siku yako wewe ikifika, mimi ndiye nitakayekuzika. Nikuzike kwa haki ipi?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Maana nikisema kwa haki yako," mume wangu aliendelea, "watu wote hapa watashuhudia. Hata hawa. Hukula rushwa, hukusema uongo, mwanao hukumpendelea. Nisimame pale nimwambie Mungu hayo? Unataka nikupeleke nayo?"

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga bati la kanisa.

"Hapana," mzee alisema. "Hayo hayatoshi."

"Basi nikupeleke kwa haki ipi?"

"Ya Kristo." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Hiyo peke yake."

"Na huyu sina nyingine ya kumpeleka nayo. Ni hiyohiyo."

Sijui vijana wa shemeji walielewa kiasi gani cha mazungumzo yale, lakini hakuna aliyesogea. Mzee aliinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umebadilika, na alichouliza hakikuwa tena cha mzee wa kanisa.

"Na binti yangu?"

Mume wangu ameniambia mara nyingi tangu hapo kwamba alitafuta neno na hakulipata. Sote tulisimama pale mvua ikitunyeshea. Mzee akatoka langoni. Hakulifungua, alitoka tu kando, akapita katikati ya vijana, nao wakampisha, akaenda zake nyumbani bila kofia, na baiskeli yake ikabaki imeegemea ukuta wa kanisa.

Walichimba haraka. Kabla kaburi halijafika kiunoni maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni, na kazi ikawa mbili, wengine wanachimba, wengine wanachota kwa ndoo. Kijana wetu alitupa fito yake, yeye na wenzake wakashuka shimoni pamoja na wale wengine. Jeneza lilikuwa la mbao za mnazi zilizopigwa misumari asubuhi ile. Walipolishusha liliguna kama linataka kuelea, na shemeji akashuka nalo, akalikalia kwa magoti mpaka mawe yalipowekwa. Mume wangu alisali akiwa na tope mpaka mapajani. Hakukuwa na kengele wala kwaya. Nilianzisha wimbo peke yangu, na muuguzi wa zahanati akaupokea.

Maji yalipopungua mchungaji alifika kutoka Kibiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikula ugali wetu, akamsikiliza kila mtu, kisha akafanya alichotakiwa kufanya. Mume wangu alisimamishwa huduma. Mbele ya baraza aliulizwa kama anatubu.

"Natubu," alisema. "Natubu kwamba tangu atengwe sikuwahi kwenda kibandani kwake hata siku moja kukaa naye. Hilo natubu. Kumzika situbu."

Hawakutufukuza kwenye nyumba. Walisema tukae mpaka uamuzi utolewe, na kukaa huko kulikuwa kugumu kuliko kufukuzwa. Kila pikipiki iliyokata kona nilidhani imeleta barua. Mume wangu alilima mpunga wa watu. Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mwalimu mmoja akaongoza ibada. Mimi nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea fahari, na vyote viwili vilikaa kifuani mwangu bila kupatana. Jioni moja nilimuuliza kama anadhani alitenda haki. Alikuwa anachambua mchele. Akasema hajui, anachojua ni kwamba kama Mungu anamhesabu, basi hatamhesabu kwa kaburi lile, na akashukuru kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu siku ile langoni alikuwa pia amejaa hasira na kiburi.

Mzee hakuja kanisani kwa muda mrefu. Tulisikia kwamba amekwenda Mkongo. Aliporudi nilimkuta dukani, amekonda. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za huko.

"Mkwe wangu alinipokea vizuri," alisema. "Alinipikia wali. Tulikula wawili, sebuleni."

"Na binti?"

"Alinisalimia. Kutoka chumbani."

Alichukua chumvi yake akaondoka.

Msimu wa korosho ulipoanza mume wangu alirejeshwa. Sababu hazikusomwa, na mchungaji alikuja mwenyewe kuongoza ushirika siku hiyo. Mzee alikuja pia. Alikaa mahali alipokuwa akikaa fundi. Watu walipoanza kupita mbele, benchi kwa benchi, yeye hakuinuka. Mchungaji alisimama na mkate mkononi akimngoja, na kanisa zima likageuza shingo. Mume wangu, aliyekuwa amebeba kikombe, alimtazama mchungaji. Mchungaji akasita, kisha akatikisa kichwa kukubali. Wakatembea wote wawili mpaka nyuma.

Nilikuwa benchi la mbele yake, nikasikia.

"Nitapokeaje, mwinjilisti?" mzee alinong'ona. "Mdomo huu ndio uliomsoma mwanangu mbele za watu."

"Huo huo ndio unaotakiwa, mzee wangu."

Mzee akainua uso, akafungua mdomo kama mgonjwa anayepewa dawa, akala, akanywa.

Baada ya ibada watu walisimama nje wakiongea habari za bei na mvua. Mzee alikuja moja kwa moja kwangu. Aliniuliza kama nina dawa ya mende, maana nyumba yake imevamiwa. Nilipomwambia nitamletea kesho, akasema nimletee kabla ya Ijumaa.

"Ijumaa nakwenda tena Mkongo," alisema, akapanda baiskeli yake.